Steki ya Cypher
Mwalimu wetu wa falsafa alituonyesha The Matrix (1999), kisha akauliza: kidonge chekundu cha ukweli, ama cha bluu urudi kwa ndoto? Wote tukasema chekundu. Ni rahisi kuwa jasiri ukiwa umeketi.

Akarudisha filamu hadi pale Cypher anakula steki akijua si ya kweli, na bado anaifurahia. Mwaka wa 1974 Robert Nozick aliuliza vivyo hivyo: mashine ikikupa raha yoyote utakayo, utaingia? Yeye alikataa.

Msichana mmoja akasema, "Ikinirudishia mamangu, naingia."

Hakuna aliyecheka. Filamu ilileta swali. Yeye akalitia uzito. Jibu la kumpa bado sina. Lakini siku hizi simwamini anayechagua ukweli kabla ya kuuliza utamgharimu nini.