Yusufu Naye Alikuwa Mfanyakazi

Andiko la juma: Mwanzo 39:7–20

Tumezoea kuhubiri habari za Yusufu kama somo la kuikimbia dhambi, na ni kweli alikimbia. Lakini juma hili nawaomba tukumbuke kwamba Yusufu alikuwa kazini. Mke wa bosi alimtaka, si mara moja, bali siku baada ya siku. Alikataa, bado akasumbuliwa. Mwishowe alipoteza kazi na kutupwa gerezani, na hatusomi popote kwamba aliulizwa, "Na wewe, ilikuwaje?"

Swali langu ni hili: sheria ya unyanyasaji wa kingono kazini imlinde nani? Mwanamke peke yake, ama kila mtu?

India wana sheria ya mwaka 2013 ambayo hata jina lake linataja wanawake. Mwanamume akisumbuliwa ofisini, sheria hiyo haimpi mahali pa kushtaki. Sisi Kenya tulifuata njia nyingine. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaja mfanyakazi, basi. Haiulizi kama amevaa suruali ama rinda. Mkubwa wako akikutaka kimwili kwa ahadi ya cheo au kwa kitisho cha kukufuta, sheria iko upande wako.

Lakini masikio yetu je? Kijana mmoja aliniambia supavaiza wake, mama wa makamo, alimnyima ovataimu kwa sababu alikataa kuwa mpenzi wake. Alipowaeleza wenzake, walicheka: "Wewe ni mwanaume gani? Si una bahati!" Akanyamaza. Sheria ilikuwepo, lakini kicheko ndicho kilichoamua.

Najua kuna dada atakayesema, "Mchungaji, wanaoumia zaidi ni sisi. Mkianza habari za wanaume, kilio chetu kitasahaulika." Dada, ni kweli mnaumia zaidi, na wengi wenu hamwaminiwi. Lakini haki si gunia la unga, kwamba jirani akipimiwa lako linapungua. Tena angalia: wanaomcheka kijana wanaamini mwanamume hutaka siku zote. Wanaomuuliza binti, "Kwani ulivaaje?" nao wanaamini mwanamume hawezi kujizuia. Ni uongo ule ule. Ukiuvunja kwa ajili ya kijana, umeuvunja kwa ajili ya binti pia.

Wengine wanaogopa kusingiziwa. Yusufu mwenyewe alisingiziwa. Dawa yake si kukataa kusikiliza malalamiko, ni kusikiliza pande zote mbili kabla ya kuhukumu. Potifa alisikia upande mmoja tu, hasira ikawaka.

Sasa msome Boazi, Ruthu sura ya 2. Aliwaagiza vijana wake wasimguse yule mgeni kabla jambo lolote halijatokea. Sheria yetu nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taarifa ya maandishi kuhusu jambo hili, baada ya kushauriana nao. Ninyi wenye biashara, je, mnayo? Na kanisa nalo huajiri walinzi, makarani na wapishi. Hata wakiwa watatu tu, wajue wataenda kwa nani.

Juma hili mtu akikuletea habari kama hii, awe mama ama baba, usicheke. Msikilize mpaka amalize.