Kiapo cha kinywa na kiapo cha moyo: mutoto akikataa kuapa mbele ya drapo

Kila siku ya masomo, mbele watoto waingie mu darasa, wanapanga misitari, drapo inapanda, wimbo wa inchi unaimbwa. Hapa kwetu Kivu hata mupita-njia anajua: filimbi ikilia, mwenye pikipiki anasimama, mwenye tshukudu anasimama, mama mwenye muzigo kichwani naye anasimama. Ni desturi, hakuna anayeshangaa. Lakini kuna siku mutoto mumoja anafunga kinywa. Hatukani mutu, hafanyi fujo, anasimama kimya tu. Hapo maneno yanaanza: «Huyu mutoto ni wa nani? Anakatala inchi yake?» Mwalimu anamutuma kwa direkta, direkta anaita baba, na pengine mutoto anarudishwa nyumbani bila kujua atarudi siku gani.

Musomaji wetu atauliza: kitabu cha desturi za wazee na drapo, vinapatana wapi? Vinapatana kwa neno moja, neno la kiapo. Wazee wetu walijua sana kiapo ni kitu gani. Sisi wa leo tunaapisha watoto asubui kwa asubui, na hatukai chini kufikiri. Basi tuulizane polepole: neno ambalo mutu amelazimishwa kulisema, linaweza kuitwa kiapo?

1. Kiapo kwa wazee

Mu makabila mengi ya upande wetu, kiapo hakikuwa salamu ya kila siku. Watu waliapa wakati kulikuwa jambo: shamba linagombaniwa, mutu anashitakiwa wizi, jamaa mbili zinataka kuacha damu na kurudia amani. Tufikiri juu ya undugu wa damu. Watu wawili walichanjwa kidogo, kila mumoja akaonja damu ya mwenzake mbele ya mashahidi, na tangu ile siku hawakuweza kusalitiana. Waliufanya mara moja, na ukawafunga maisha yote. Hatukusikia hata siku moja watu waliorudia undugu wa damu kila asubui ili wasisahau. Kinachorudiwa kila asubui ni juu hakijaingia.

Tena mwenye kuapa alikuwa mutu muzima, anayejua anaingia mu nini. Mutoto hakuitwa kuapa; kama kulikuwa neno, baba au mujomba alijibu kwa ajili yake. Tunasema «ahadi ni deni». Sasa, ni nani anamuandikia deni mutoto ambaye hajakopa kitu?

Kuna jambo jingine ambalo Kongo ingepaswa kulikumbuka kuliko inchi nyingine zote. Mu miaka ya 1880, watumishi wa mufalme Leopold II, na Stanley pamoja nao, walizunguka na karatasi za mapatano. Wakuu wetu waliweka alama chini ya maandiko yenye hawakuweza kusoma, mu luga ya wageni. Kisha wageni wakasema: «Mulikubali, alama yenu hii hapa.» Mpaka leo tunalia juu ya ile alama, na tunasema haikuwa na nguvu, juu mwenye kuiweka hakuelewa. Ni kweli. Lakini mutoto wa mwaka wa kwanza wa primeri, kijijini, anayeimba kwa Kifaransa maneno ambayo hakuna mutu amemutafsiria, naye anaweka alama ya namna gani?

2. Drapo zimepita, watu wamebaki

Mutu aliyeingia masomo mu 1960 na kubaki mwalimu mpaka 2006 alisimama mbele ya drapo tano. Kulikuwa ile ya uhuru, ya buluu, na nyota zake ndogo sita pembeni. Mu 1963 ikaja yenye musitari mwekundu. Mu 1971 ile ya kijani yenye mwenge, wakati inchi iliitwa Zaire. Mu 1997 ile ya nyota sita ikarudi. Na mu 2006 ikaja hii ya leo, buluu ya mbingu na musitari mwekundu wenye kingo za njano. Wimbo nao ulibadilika: «Debout Congolais» ukaachwa mu 1971, «La Zaïroise» ukaingia, na mu 1997 ule wa kwanza ukarudi. Ni padri mumoja, Simon-Pierre Boka, mujezuiti, aliyeandika maneno ya nyimbo zote mbili.

Hatusemi hivi kwa kuzarau drapo. Watu wamekufa chini yake, na mutu anayeikanyaga anakanyaga kaburi la mwenzake. Tunasema tu kwamba drapo ni alama. Inaonyesha kitu kingine, na hicho kitu ndicho kinadumu: mito yetu, mashamba yetu, wafu wetu, jirani anayekuja na kuni wakati kuna kilio. Kama uaminifu wetu ungekuwa kwa kitambaa, basi ule mwalimu alisaliti mara ine. Hakusaliti, juu uaminifu wake ulikuwa kwa watoto alioufundisha kusoma.

3. Wakati wa kuimba kwa nguvu

Wenye miaka wanakumbuka. MPR ilizaliwa mu 1967. Kwa katiba ya 1974, kila Muzairwa alikuwa memba wa chama kwa kuzaliwa tu, hata mutoto mwenye bado ananyonya. Ku masomo, mu kazi, mu sokoni, watu walicheza na kuimba sifa za Kiongozi. Mu 1972, Leta ilitaka vijana wa chama, JMPR, waingie hata mu seminari. Maaskofu wakakataa, na Kardinali Malula akalazimika kwenda kukaa Roma kwa muda. Kisha pande mbili zikatafuta mapatano. Mu 1986, Mashahidi wa Yehova, ambao zamiri yao haiwaruhusu kusalimu drapo, wakafungiwa kazi yao mu inchi yote. Ni mu 1993 tu ambapo tribinali kubwa ya inchi ilifuta ile amri.

Sasa tupime matunda. Mu Septemba 1991, waasikari waliovunja maduka na kupora Kinshasa, na kisha miji mingine, walikuwa nani? Walikuwa wenye kusalimu drapo kila asubui, kwa mukono ulionyooka kuliko wetu wote. Viapo walivijua kwa kichwa. Lakini mushahara haukuwaenea, wakubwa wao walikuwa wakila peke yao, na kiapo kikabaki kinywani kama mate. Hatujasikia kwamba wale waliokataa kusalimu ndio walibomoa inchi. Debe tupu haliachi kuvuma. Na sisi tulivuma miaka makumi mawili na zaidi.

4. Kwa wengine pia

Hii shida si yetu peke yetu. Kule Marekani, maneno ya kiapo cha drapo yaliandikwa mu 1892 na Francis Bellamy, na watoto wakayarudia ku masomo. Mu 1940, tribinali yao ya juu kabisa ikasema: mutoto anaweza kulazimishwa. Waamuzi munane walikubali, mumoja akakataa. Nyuma yake watu wakaanza kupiga wenye kukataa, na kuchoma nyumba zao za ibada. Miaka mitatu tu ikapita, na mu Juni 1943 ile tribinali ikageuza neno lake: hakuna mukubwa wa Leta anayeweza kumulazimisha mutu aungame kwa kinywa kitu ambacho hakiamini. Na ilikuwa katikati ya vita vikubwa, vijana wao wanakufa ngambo. Hata hivyo hawakuona kwamba mutoto mwenye kunyamaza atawapotezea vita.

Karibu zaidi, kule Mufulira mu Zambia, hapo tu ngambo ya mupaka wa Katanga, musichana mudogo alifukuzwa masomo juu hakutaka kuimba wimbo wa inchi. Mu 1967 tribinali ikakubaliana na Leta. India, mu 1986, ikasema kinyume: watoto watatu wa Kerala walikuwa wanasimama kwa heshima bila kuimba, na waamuzi wakasema kusimama kunatosha, warudishwe mu darasa. Tanzania nayo, mu 2013, Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi waliokuwa wamepewa azabu kwa sababu kama hiyo. Mutu anaona kwamba inchi changa zenye woga zinakaza mukono, na zile zinazojiamini zinaulegeza.

5. Wanaotupinga wana neno

Hatutaki kuzarau wenye kufikiri kinyume. Wanasema: «Kongo imevamiwa, imeporwa, kila mutu anavuta kwa kabila lake. Drapo ndiyo kitu kimoja tu kinatuunganisha. Mukiruhusu mumoja anyamaze, kesho darasa lote litanyamaza.» Ni neno zito, na mutu aliyekimbia vita analielewa kuliko mwingine.

Tunajibu hivi. Umoja ambao unavunjika kwa kimya cha mutoto mumoja, ulikuwa umekwisha kuvunjika. Tena, mwalimu akimulazimisha yule mutoto, wale wengine arobaini wanaotazama wanajifunza nini? Hawajifunzi kupenda inchi. Wanajifunza kwamba mwenye nguvu akisema «sema», unasema, hata kama moyo hauko. Hiyo ndiyo shule ya uongo. Kesho yule mutoto atakuwa mukubwa wa ofisi, ataapa mbele ya watu mukono juu, na kiapo chake kitakuwa kama kile cha asubui: maneno ya kumaliza ili aende zake.

Wengine wanasema: «Kwa desturi yetu mutoto hamukatalii mukubwa.» Ni kweli, na hatutaki iwe vingine. Mukubwa akimutuma maji, aende. Akimuambia asimame, asimame. Akimuambia akae kimya, akae. Lakini wazee wenyewe walitenganisha utii na kiapo. Utii unaweza kuuomba kwa mutoto. Kiapo kinatoka ndani, na huko ndani hata baba hana ufunguo.

6. Neno letu

Tunaona hivi. Masomo yana haki ya kuomba heshima: wote wasimame, wote wanyamaze, mutu asicheke wala kuzarau. Mwenye kukataa naye ana deni: asichafue alama ya wenzake, na asikimbie kazi za wote. Salongo ikifika, achukue jembe. Mutoto anayenyamaza mbele ya drapo lakini anafyeka njia ya kisima, ni mwana-inchi. Anayeimba kwa sauti kubwa na kuiba chaki ya darasa, huyo bado. Na yule anayejificha nyuma ya zamiri juu ya uvivu wa kuamuka mapema, mwalimu atamujua haraka, juu mwenye zamiri anasimama pamoja na wengine, muvivu anachelewa.

Lakini kufunga mulango wa masomo juu ya kinywa kilichofungwa, hapana. Katiba yetu ya 2006 inasema kwa kifungu cha 22 kwamba kila mutu ana uhuru wa fikira, wa zamiri na wa dini. Kifungu cha 65 kinamuomba kila Mukongomani atimize kwa uaminifu wazifa wake kwa Leta. Vifungu hivi viwili havipigani. Cha pili kinasema juu ya wazifa kwa Leta na kodi, cha kwanza kinalinda moyo.

Basi, ndugu walimu, mukitaka watoto waape siku moja kwa kweli, muanze kwa kuwatafsiria maneno. Muwaeleze ile nyota ni nini, ule musitari mwekundu ni damu ya nani, kwa luga wanayoielewa. Kisha mungoje. Wazee waliweza kungoja mpaka mutoto akomae, awe na shamba lake na neno lake. Siku atakayosema «hii inchi ni yangu, nitaifia», bila mutu kumushika mukono, tutakuwa tumepata mushahidi mumoja wa kweli, na atatosha kuliko uwanja uliojaa sauti.