Majirani wa Naomi

Somo: Ruthu 1:19-21, 4:14-17



Leo naanza na toba, na toba yenyewe ni yangu. Kuna mzee mmoja hapa kwetu Funyula, jina naliacha. Alivuka mpaka akiwa kijana, akapata kazi Jinja. Mwaka 1970, serikali ya Obote ilipowafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya, alirudi na sanduku moja, halafu akashuka Mombasa akakaa miaka zaidi ya arobaini. Mke alipofariki, watoto wakamjengea huku: mabati ya rangi, geti la chuma, tangi la maji. Wakasema baba amerudi nyumbani.

Nyumbani kwa nani? Aliochunga nao ng'ombe wako kaburini. Sisi majirani tulimwita "yule mzee wa Mombasa", basi. Akaacha kula vizuri, akaacha kulala. Nilimwombea mara tatu, nikakemea roho ya huzuni kwa sauti kubwa. Kumtembelea? Hata mara moja. Na kutoka hapa kanisani hadi kwake ni dakika kumi kwa mguu! Siku moja akaniuliza, "Pasta, katika hawa wote, nani anajua baba yangu aliitwa nani?" Nilinyamaza.

Sasa fungueni Ruthu. Naomi alikaa Moabu kama miaka kumi, akazika mume na wana wawili, akarudi Bethlehemu. Mji mzima ukataharuki kwa ajili yake. Lakini yeye akawaambia wasimwite tena Naomi, wamwite Mara, yaani uchungu. Yuko kwao, na bado anaumia. Pepo hatajwi hapo, wapendwa. Nendeni sura ya 4, mstari wa 17: mtoto wa Ruthu alipozaliwa, waliompa jina ni wanawake majirani. Sasa wamo ndani ya nyumba, mtoto yuko kifuani kwa Naomi. Na habari ya Mara siisikii tena.

Sisemi tusiombe. Na kama mzee wako halali, au anasema afadhali afe, mpeleke hospitali haraka. Si kukosa imani. Lakini akitoka hospitali atarudi nyuma ya geti lile lile.

Mwezi uliopita mama jirani yake alijifungua. Walitaka kumpa mtoto jina la babu ya mume, lakini hakuna aliyebaki wa kuwaeleza huyo babu alikuwa mtu wa namna gani. Mama akaenda kwa mzee. Kumbe alimjua! Walioga pamoja mto Sio wakiwa vijana. Aliongea mpaka chai ikapoa. Siku hizi geti linashinda wazi, watoto wanachota maji kwa tangi lake. Usiku mwingine bado halali, nisiwadanganye.

Jumatano ushirika utakuwa kwake, saa kumi jioni. Mimi nitafika saa tisa, nikae naye kwanza. Na ukiwa na mzee karibu na boma lako aliyerudi kutoka mbali, au aliyeletwa na watoto kutoka ng'ambo ya mpaka, mpe shemasi jina lake. Jina lake, si "yule wa Kampala".