Vizibo vya Soda

Hapa Msasani, barazani, mtoto anapanga vizibo vya soda. Kizibo, kizibo, kizibo. Mstari umenyooka kama uzi. Ukisogeza kimoja, analia. Ukimwita jina, hageuki. Bajaji ikipiga honi, anaziba masikio.

Mtoto bado haongei. Bibi anasema ataongea tu, hata baba yake alichelewa. Mama anasubiri.

Usisubiri, mama. Mtoto hajarogwa, na wala hukukosea kumlea. Huenda ni usonji. Mpeleke kliniki, uulize. Kwenye Hospitali ya Muhimbili wapo wanaofundisha usemi, wapo wanaofundisha kufunga kifungo na kushika kijiko, kidogo kidogo, kwa mchezo.

Jioni ukitoka kazini, kaa naye chini. Mstari wake usiuguse. Chukua kizibo kimoja, mpe mkononi. Ngoja. Ngoja tena kidogo.