Tabia ya Amplifaya Iko Wapi?

Wapenzi wa muziki wa majumbani huzisema amplifaya zao kama watu wanavyowasema majirani: hii ina joto, ile kavu, nyingine imejaa besi lakini ni nzito kuamka. Bei za vyombo vya daraja la juu hupanda hadi makumi ya maelfu ya dola, na mtu anayefika huko haulizi tena kama chombo kinafanya kazi. Anauliza kina sauti gani. Mimi swali hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu ndani yake kuna swali lililowasumbua wanafalsafa kwa karne nyingi: sifa ninayoisikia imo ndani ya kitu, imo ndani yangu, au iko mahali pa tatu?

Mhandisi atakujibu kwamba amplifaya iliyo bora haina tabia yoyote. Inapokea umeme wa voltu moja au mbili kutoka kwenye mashine ya CD, inaukuza mpaka uweze kusukuma spika, na kinachotoka kinapaswa kuwa kilekile kilichoingia, ila kikubwa zaidi. Jibu hilo lina historia ya kupendeza. Tarehe 2 Agosti 1927 Harold Black, mhandisi wa maabara ya Bell Labs, alikuwa kwenye kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini. Wazo likamjia, akalichora juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times. Chukua sehemu ya kinachotoka, igeuze kinyume, uirudishe pale mlangoni pa kuingilia. Kosa lililoongezwa na chombo litakutana na kinyume chake na kupungua. Unapoteza sehemu ya ukuzaji, unapata uaminifu. Miaka 20 baadaye D. T. N. Williamson alichapisha katika jarida la Wireless World la Uingereza mchoro wa amplifaya iliyotumia mbinu hiyo, na upotofu wake wa sauti haukuzidi asilimia 0.1. Ilikuwa amplifaya ya vali, ile mirija ya kioo iliyotumika kabla ya transista. Nalitaja hilo kwa sababu watu wengi huamini kwamba vali kwa asili yake inatia joto, ilhali Williamson aliitumia kutafuta usafi.

Ila mhandisi naye amewahi kujidanganya. Transista zilipoingia majumbani miaka ya 1960, karatasi za vipimo zilipendeza sana, upotofu ukahesabiwa kwa sehemu ndogondogo za asilimia, lakini wasikilizaji wakalalamika kwamba masikio yanachoka. Wakaambiwa ni mazoea ya vali tu. Tatizo lilikuwa la kweli. Katika nyingi za amplifaya hizo transista mbili hugawana kazi, moja ikibeba nusu ya juu ya wimbi na nyingine nusu ya chini, na pale zinapopokezana hubaki pengo dogo. Ukipima chombo kikiwa kinanguruma kwa nguvu zote, pengo linamezwa na ukubwa wa wimbi na namba inatoka safi. Ukisikiliza usiku kwa sauti ya chini, wimbi zima liko karibu na pengo. Tena mwaka 1970 Matti Otala wa Finland akaonyesha kwamba chombo kinachofaulu mtihani wa mlio mmoja usiobadilika kinaweza kuteleza pale muziki unapobadilika ghafla.

Mwanafalsafa David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, anasimulia upya kisa kutoka riwaya ya Don Quixote. Jamaa wawili wa Sancho, mtumishi wa Don Quixote, wanaonjeshwa divai. Mmoja anasema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya ngozi. Mwingine anasema anaonja chuma. Watu wanawacheka. Pipa linapokauka, chini kunakutwa ufunguo wa zamani wenye ukanda wa ngozi. Waliolalamikia transista za mwanzo walikuwa jamaa wa Sancho. Ufunguo ulikuwemo.

Kuna mapipa mengine, hata hivyo, ambayo yakimwagwa hakuonekani kitu. Mwaka 1987 jarida la Marekani la Stereo Review liliwakusanya wasikilizaji, baadhi yao wakiamini kwa dhati kwamba amplifaya hutofautiana, wengine wakipinga. Wakasikilizishwa vyombo bila kuviona, kuanzia risiva ya bei nafuu hadi amplifaya za vali za maelfu ya dola, huku ukubwa wa sauti ukisawazishwa. Kwa jumla majibu yao yalikaribiana na ya mtu anayebahatisha. Kusawazisha huko ndiko kulikofanya kazi kubwa. Tofauti ya chini ya desibeli moja sikio mara nyingi haliisikii kama sauti imeongezwa. Linaisikia kama uwazi, kama mwimbaji amesogea mbele, kama besi imepata mwili. Mwenye duka anayeonyesha amplifaya mbili bila kuzisawazisha anaweza kumfanya yeyote kati yetu apende ile iliyowashwa kwa sauti kubwa zaidi kidogo, na mteja ataapa kwamba alichosikia ni ubora.

Je, mtu asiyeweza kutofautisha leo amethibitisha kwamba hakuna tofauti? Mwanafalsafa Nelson Goodman, katika kitabu chake Languages of Art cha mwaka 1968, alijiuliza kama kuna tofauti ya kisanaa kati ya mchoro halisi na nakala ambayo jicho lake haliwezi kuitenga nao. Alijibu kwamba ipo: kule kujua tu kwamba ni vitu viwili kunampa sababu ya kulifunza jicho litazame vingine. Nakubaliana naye, na ndiyo maana simdharau anayerudi kusikiliza mara ya pili. Lakini kwa amplifaya tuna uwezo tusiokuwa nao kwa michoro. Tunaweza kuondoa sauti ya moja kutoka kwenye ya nyingine, tukasikiliza kinachobaki.

Bob Carver, mtengenezaji wa amplifaya, alifanya hivyo mwaka 1985 huko Santa Fe, New Mexico. Aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile wamchagulie amplifaya yoyote ya kifahari, naye ataifanya amplifaya yake ya transista itoe sauti ileile. Wakamletea ya vali. Akaziunganisha mbili hizo kwa namna ambayo spika ilipiga tofauti yao tu, kisha akawa anabadilisha vipande ndani ya chombo chake huku akiisikiliza tofauti ikififia. Tofauti ilipopungua kwa desibeli 70, yaani kilichobaki ni kama sehemu moja kwa elfu tatu ya voltu zilizotoka, wahariri waliokuwa na uhakika wa masikio yao hawakuweza kuzitenga.

Miongoni mwa alivyovishughulikia ni ukinzani wa upande wa kutolea sauti, na hapo ndipo naona jibu la swali langu. Spika inayoandikwa omu 8 haina omu 8 kwa sauti zote. Ukinzani wake unaweza kushuka hadi omu 4 katika masafa fulani na kupanda hadi 30 katika mengine, mara nyingi kwenye besi, pale ambapo spika yenyewe hupenda kutikisika. Sasa chukua amplifaya ya vali ambayo ukinzani wake wa ndani ni omu 2. Penye omu 4, spika inapata thuluthi mbili za voltu. Penye omu 30, inapata karibu zote. Tofauti hiyo inakaribia desibeli 3, na sikio lolote linaisikia: besi imevimba, sauti ina joto. Fanya hesabu hiyohiyo kwa amplifaya ya transista yenye omu 0.02, na tofauti haifiki hata sehemu moja ya kumi ya desibeli. Kisha ile ya vali ifunge kwenye spika ambayo ukinzani wake hautikisiki. Joto linaondoka, na hakuna aliyegusa hata skrubu moja ndani yake.

Kwa hiyo anayesema tabia yote imo kichwani mwa msikilizaji amekosea, na anayesema imo ndani ya sanduku amekosea vilevile. Joto lile lina sababu, linapimika, linajirudia kila mara, lakini makao yake si ndani ya chombo kimoja. Linazaliwa vyombo viwili vinapokutana. Kuuliza amplifaya fulani ina sauti gani bila kutaja spika ni swali lililokatwa nusu.

Hata huo uaminifu wa mhandisi unahitaji kuulizwa: uaminifu kwa nini? Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alirekodi huko Bombay mwaka 1928, enzi ambayo kurekodi kwa maikrofoni na vali kulikuwa kumeshaanza. Sauti yake ilipokewa na vyombo kabla ya kufika kwenye santuri, kisha kwetu. Amplifaya ya sebuleni inaweza kuwa mwaminifu kwa santuri tu. Kwa koo la Siti haiwezi. Bado nauthamini uaminifu huo mdogo. Yupo anayechagua vali ya 300B, yenye wati zipatazo 8 tu, ambayo huongeza juu ya kila noti kivuli chake cha oktavu moja juu, na sauti ya mwimbaji ikanona. Ni chaguo halali la mtu anayejua anachokipenda. Asitwambie tu kwamba amelikaribia koo la Siti kuliko sisi.

Ukienda kununua, nenda na spika zako, au angalau uchague duka lenye spika kama hizo. Omba voltu zipimwe kwenye nyaya za spika mpaka amplifaya zote mbili zilingane, mtu mwingine awe anabadilisha, nawe usione kinachopiga. Duka likikataa, peleka pesa zako kwingine.