Kizuri Chajiuza? Juu ya Haki ya Kuchagua Kinachoonyeshwa

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inatufaa sokoni, ambako mnunuzi hulishika embe na kulinusa kabla ya kutoa fedha. Je, inatufaa pia mahali ambapo bidhaa haishikiki wala hainusiki? Insha hii inalijadili swali hilo kwa mfano wa jamii za waunda programu wa blokucheni, yaani daftari la kidijiti ambalo nakala zake hutunzwa na watu wengi ili asiwepo mmoja awezaye kulifuta au kulighushi peke yake.

Jamii hizi zilijengwa juu ya imani kwamba bawabu hahitajiki. Tangu daftari la Bitcoin lilipoanza kuandikwa Januari 2009, mtu yeyote anaweza kujiunga bila kuomba ruhusa. Lakini miradi inapoongezeka, jamii hutenga ukumbi wa maonyesho ili mgeni aone kilichojengwa. Hapo ndipo mgogoro wa kimaadili unapozuka, kwa sababu lazima mtu aamue kipi kiingie ukumbini. Je, watu waliomkataa bawabu wana haki ya kumweka mlangoni?

Wapo wanaojibu kwamba hawana. Kwa maoni yao, kila mradi uonyeshwe, na watazamaji waamue wenyewe. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa inamheshimu mtazamaji kama mtu mzima mwenye akili. Hata hivyo, inasahau kwamba kuonyesha ni kutoa ushahidi. Anayempeleka mgeni kwa fundi hajamlazimisha kumpa kazi, lakini ameshamshuhudia fundi huyo kuwa ni fundi kweli.

Sisi wa Uganda tumekwisha kuona madhara ya onyesho lisilo na ukweli. OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova, ilijiita sarafu ya blokucheni, kumbe haikuwa na blokucheni ya kweli. Juni 2016 mwanzilishi huyo alipanda jukwaani Wembley, London, mbele ya maelfu ya watu waliomshangilia. Miongoni mwa waliopoteza fedha walikuwamo Waganda. Waliachiwa waamue wenyewe, ila hawakupewa cha kuamulia.

Mwezi huohuo lilitokea jambo la namna nyingine. Mfuko ulioitwa The DAO, uliojengwa juu ya Ethereum, uliweka msimbo wake wazi ili kila ajuaye ausome. Pamoja na uwazi huo, mshambuliaji aliigundua kasoro moja akahamisha etha zipatazo milioni 3.6. Matukio haya mawili yanatufundisha kutofautisha. Hakuna ukumbi unaoweza kuahidi usalama, kwa sababu hata kazi ya wazi huweza kuwa na ufa. Unachoweza kuahidi ni ukweli, kwamba kinachosemwa kipo, kipo kweli.

Sasa tutazame vigezo vyenyewe. Waunda programu wa Cardano wameweka masharti ya kuingiza mradi katika maonyesho yao. Mradi uwe unafanya kazi tayari, usiwe ahadi ya kesho. Uwe na anwani ya kudumu ya tovuti, si ile ya kupewa bure. Na akaunti ya anayeuleta isiwe mpya. Iwe na historia, au mwenyewe awe anajulikana katika jamii. Sharti la kwanza linapima kazi. La mwisho linampima mtu, na la pili limesimama katikati.

Tumfikirie mwanafunzi wa Gulu, au wa Bujumbura, aliyeunda programu ya kuhakiki kumbukumbu za mauzo ya kahawa ya chama cha ushirika. Programu inafanya kazi, ila yeye hana historia, na anwani ya kudumu hulipiwa kila mwaka, mara nyingi kwa kadi ya benki asiyokuwa nayo. Watetezi wa sharti hilo watasema kuwa walaghai hufungua akaunti mpya kila siku, na wachaguzi ni watu wa kujitolea wenye muda mchache. Ni kweli. Lakini nafuu anayoipata mchaguzi analipiwa na mgeni asiye na kosa.

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba ukali wa sharti ulingane na madhara yanayoweza kutokea. Programu inayoshika fedha za watu ikaguliwe na watu wa nje, iwe imetumika kwa muda, na wenye nayo wajulikane. Programu inayosoma daftari tu na kuonyesha taarifa, bila kugusa fedha ya mtu, itoshe kufanya kazi mbele ya wachaguzi na kuwa na msimbo ulio wazi. Pili, mchaguzi naye afungwe na sheria. Vigezo viandikwe, anayekataliwa aambiwe sababu na aweze kurudi, asiwepo wa kuupitisha mradi wake mwenyewe, na kilichopitishwa kiondolewe kikiacha kuwa kweli. Bawabu anayebanwa na sheria anazozisoma kila mtu hapingani na imani ya jamii hizi, kwa sababu walichokikataa tangu mwanzo ni mamlaka yasiyoulizwa.

Pendekezo hili lina gharama. Kuichunguza kazi ya mtu asiyejulikana huchukua muda mrefu kuliko kutazama umri wa akaunti yake, na muda huo lazima utolewe na mtu fulani. Jamii isiyotaka kuutoa isijisifu kwamba haina bawabu. Inaye, na anatazama nyuso badala ya mizigo.