Kambi Iliyongoja Siku Saba



Mwezi huu nawaomba mfungue Kitabu cha Hesabu, mlango wa 12, mkisome nyumbani pamoja na watoto. Humo mna habari ya Miriamu, dada yake Musa, aliyepatwa na ukoma watu walipokuwa jangwani. Juu ya kosa lake la kumsengenya ndugu yake tumekwisha kuhubiriwa mara nyingi. Leo tutazame mwisho wa habari, aya ya 14 na ya 15. Pale tunaona mambo mawili yaliyofanyika kwa pamoja. La kwanza, Miriamu alitengwa nje ya kambi muda wa siku 7. La pili, watu hawakuendelea na safari mpaka aliporudishwa kwao.

Wengi wetu hukumbuka lile la kwanza na kulisahau la pili. Mgonjwa alizuiliwa, ili wazima wasipate madhara. Lakini wazima nao walikubali kuchelewa kwa ajili yake. Tena siku zake zilihesabiwa tangu mwanzo, naye alijua kwamba yuko mtu anayemngoja.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa Magomeni, maana sisi ni watu wa njiani. Jamaa zetu wako Newala, Masasi, Lindi na Dar es Salaam. Wengine wako ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Palma, na watu huvuka mto pale Kilambo kwenda kuuguza, kuoa na kuzika. Ukitangazwa msiba, sisi huanza safari kwanza, nauli tukaitafuta baadaye. Kwa hiyo tukisikia kwamba ugonjwa wa kuambukiza umeingia mahali, mawazo mawili hutujia mara moja: tuwafungie njia wasije kwetu, au tukimbie sisi?

Tazameni basi yaliyotokea katika pwani hii hii, kusini ya mto wetu. Ilikuwa Jumapili, tarehe 7 Aprili 2024. Huko Lunga, katika Mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, palivuma habari za uongo juu ya kipindupindu. Watu wakaingiwa na hofu, wakajazana katika chombo cha uvuvi, yapata watu 130, wakielekea Kisiwa cha Msumbiji. Chombo hakikuwa cha kuchukua abiria. Kikazama, wakafa watu zaidi ya 90, na wengi wao walikuwa watoto. Nao ugonjwa wenyewe? Serikali ya Msumbiji ilikuwa imehesabu wagonjwa karibu 15,000 tangu Oktoba 2023, na waliokufa kwa kipindupindu walikuwa 32. Siku moja ya hofu iliua watu wengi kuliko miezi sita ya ugonjwa.

Jumapili ile ilikuwa ya Pili ya Pasaka. Injili yake, kama mjuavyo, ni habari ya wanafunzi waliokuwa ndani, milango imefungwa kwa hofu, Bwana akaja akasimama katikati yao na kuwapa amani. Kufunga mlango kwa hofu, na kuukimbia mlango kwa hofu, hutoka katika moyo mmoja.

Je, tuseme basi kwamba kuzuia safari hakufai kabisa? La, hasha. Yafaa tuulize kwanza ugonjwa wenyewe unapita njia gani.

Kipindupindu hupita katika maji na chakula vilivyochafuliwa na choo. Wengi walioambukizwa hawaonyeshi dalili yo yote, au huharisha kidogo tu, nao huweza kuvichukua vijidudu kwa siku kadhaa. Askari wa kizuizini atawajuaje? Ndiyo sababu mwaka 1973 mataifa yaliondoa sharti la kumdai msafiri cheti cha chanjo ya kipindupindu. Zaidi ya hayo, kijiji kikijua kwamba kikitangaza ugonjwa kitafungiwa njia na soko lake litakufa, kitawaficha wagonjwa. Mgonjwa aliyefichwa hufa kwa kukosa maji mwilini, na jirani zake huambukizwa.

Marburg ni habari nyingine. Serikali yetu ilipoutangaza huko Kagera tarehe 21 Machi 2023, waliougua walikuwa 8 na waliofariki 5. Ugonjwa ule hushika kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa au maiti, na huweza kukaa mwilini mpaka siku 21 kabla ya kuonekana. Mtu aliyemwuguza mgonjwa wa namna hiyo akipanda basi kwenda msibani, homa ikamshika huko, aweza kuwapelekea mauti wale aliokwenda kuwafariji. Huyo imempasa atulie nyumbani, aangaliwe kila siku mpaka siku 21 zitimie. Tarehe 2 Juni mwaka ule mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha, na mkoa mzima haukuhitaji kufungwa kwa minyororo.

Korona nayo ilitufundisha. Aprili 2020 Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Kilifi na Kwale, hata Juni, na Nairobi na Mombasa, hata Julai. Ugonjwa ule huenda kwa pumzi, tena kabla mtu hajajijua. Zuio kama lile hupunguza mwendo wa ugonjwa, hospitali zikapata nafasi ya kujiandaa, lakini halimponyi mtu. Na gharama yake humwangukia kwanza yule anayekula alichopata siku ile ile.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tukisikia neno "karantini", tuulize maswali matatu kama wanafunzi wazuri. Ugonjwa huu hupita wapi? Zuio litakwisha lini? Nani anawapelekea maji na chakula waliozuiliwa? Swali la tatu ndilo letu sisi Kanisa. Wakuu wa serikali wana amri ya kufunga na kufungua, na yatupasa kuwatii. Lakini ndoo ya maji safi mlangoni kwa jirani aliyetengwa, awe Mkristo au Mwislamu, haihitaji amri ya mtu.

Tena kila mmoja ana sehemu yake. Mwenye kuharisha asisafiri, wala asimpikie mtu. Kabla ya kumfikisha kituo cha afya apewe kinywaji cha kurudisha maji mwilini: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Maiti ya kipindupindu waachiwe wauguzi waioshe. Kama msiba uko penye ugonjwa, rambirambi yaweza kutumwa kwa simu, na matanga yakangojewa. Marehemu hatakuwa amedharauliwa. Mwenye kupokea habari ya kutisha asiipeleke mbele mpaka amemwuliza mganga wa zahanati. Na mwenye chombo asipakie kupita kiasi, hata watu wakimlilia.

Watu wa Musa walichelewa siku 7 jangwani, penye jua na uhaba wa maji. Kisha wakaondoka Haserothi, na Miriamu alikuwa pamoja nao. Mungu atujalie sisi nasi, ugonjwa ukija, tuwe na subira ya kutengwa ikiwa zamu ni yetu, na upendo wa kungoja ikiwa zamu ni ya mwenzetu.

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.

Mwalimu mstaafu, Magomeni, Mtwara